Kadi ya Grafiki ya Laptopu: Je, Inatoka? Je, Inatosha?

Tangu mwaka jana wanafunzi wenzangu wananiuliza swali moja, wengine kwa ujumbe wa simu kutoka Beni, wengine uso kwa uso hapa Butembo: "Nikibadilisha kadi ya grafiki ya mashini yangu, itaweza kuandika rekodi zangu yenyewe?" Swali hilo nililiuliza mimi kabla yao. Jibu lake lilinichukua miezi, na rafiki yangu mmoja lilimgharimu laptopu nzima. Naandika makala hii ili wengine wasipite njia hiyo, na pia kwa sababu nina pendekezo kwa walimu wetu, ambalo nitalifikia mwishoni.

Nitaanza na neno moja. Katika Kiswahili cha Butembo na Beni, kutosha ni kuondoa kitu mahali kilipo. Mama akisema "tosha viatu", mtoto anavua viatu. Katika Kiswahili sanifu tunachosoma darasani, kutosha ni kukidhi haja: chakula kinatosha, pesa hazitoshi. Nilipokwenda kwa fundi mmoja wa makamo kumwuliza habari ya kadi yangu, alinijibu kwa sentensi iliyobeba maana zote mbili: "Muloko, uliza kwanza kama inatoshwa, kisha uliza kama inatosha." Alitaka kunichekesha, lakini sijapata mpango bora wa kueleza jambo hili. Nitaufuata.

Kazi ya kadi ya grafiki

Kioo cha laptopu ya kawaida chenye upana wa nukta 1,920 na urefu wa nukta 1,080 kina nukta 2,073,600. Kila nukta inatakiwa kupewa rangi yake mara 60 kwa sekunde. Hizo ni nukta zaidi ya milioni 124 za kukokotoa kila sekunde, na hesabu ya kila moja ni ndogo na inafanana na ya jirani yake.

Prosesa kuu ya kompyuta ni kama fundi mwashi hodari: anajua kazi nyingi, anafikiri haraka, lakini wako wachache, wanne au wanane. Kadi ya grafiki ni kama salongo. Siku ya salongo mtaa mzima hutoka na majembe. Hakuna anayehitaji ujuzi mkubwa, kila mtu analima kipande chake cha mfereji, na kazi inakwisha asubuhi moja. Ndani ya kadi kuna viini mamia au maelfu, kila kimoja kikifanya hesabu ndogo ileile kwa wakati mmoja. Kadi pia ina kumbukumbu yake yenyewe, karibu kabisa na viini hivyo, ili visisubiri data kutoka mbali.

Mwaka 2006 kampuni ya Nvidia ilitangaza CUDA, mfumo unaowawezesha waandishi wa programu kulituma salongo hilo kwenye kazi nyingine mbali na picha. Mwaka 2012 Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton, wa Chuo Kikuu cha Toronto, waliwashinda wenzao kwa mbali katika shindano la kutambua vitu ndani ya picha, wakitumia kadi mbili tu za GTX 580, kadi ambazo vijana walizinunua kwa ajili ya michezo ya kompyuta. Kila moja ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 3. Tangu hapo kadi ya grafiki si chombo cha wachezaji na wakata video pekee. Ndiyo inayofundisha mashine kutafsiri, kusoma na kusikia, na hapo ndipo sisi wa lugha tunapoingia.

Kwa nini mwanaisimu aitamani

Anayefanya kazi ya uwanjani katika lugha zetu anajua mahali shida ilipo. Kurekodi ni rahisi; simu inatosha, na kinasa sauti kizuri kinatosha zaidi. Kazi nzito ni kuandika kilichosemwa. Saa moja ya masimulizi ya Kinande hunichukua siku kadhaa kuiandika, kuitenga katika vipashio na kuitafsiri katika programu ya ELAN. Mwenye rekodi za saa ishirini ana kazi ya mwaka.

Septemba 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa Whisper, modeli ya kugeuza usemi kuwa maandishi, na kuiacha wazi kwa yeyote kuipakua. Ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti. Inatambua Kiswahili, na katika lugha nyingine za Kibantu inatambua Kilingala na Kishona. Kinande hakimo katika orodha yake. Nilipoipa dakika kumi za mjomba wa mama yangu akisimulia kwa Kinande, nikaiambia ichukulie kuwa ni Kiswahili, iliniandikia sentensi za Kiswahili ambazo mzee hakuzisema. Ilisikia silabi zetu ikazisukuma ndani ya maneno inayoyajua.

Hasara yake si ya tahajia tu. Kinande kina irabu saba, na irabu za juu zinatofautiana kwa jinsi shina la ulimi linavyosogezwa mbele au kuachwa nyuma. Kitenzi cha kulima shamba na kitenzi cha kuangamiza vyote huandikwa kwa kawaida *erilima*. Sikio la Mnande haliwachanganyi, kwa kuwa *i* ya kulima imelegea na *i* ya kuangamiza imekazwa, na irabu za viambishi jirani huifuata irabu ya mzizi. Kiswahili kimepoteza tofauti hiyo katika irabu lakini kimeacha alama yake kwenye konsonanti: mzizi wa kwanza ndio uliotupa *lima*, wa pili ndio uliotupa *zima*, kama kuzima moto. Wataalamu wameichunguza sana habari hii. Mwaka 2006 kundi la watafiti, akiwamo Mnande mwenzetu Ngessimo Mutaka, lilichapisha uchunguzi uliotazama ulimi wa msemaji wa Kinande kwa mawimbi ya sauti, kama daktari anavyomtazama mtoto tumboni, ili kuona irabu *a* inashiriki vipi katika upatanifu huo. Modeli isiyofundishwa Kinande inaifuta elimu hiyo yote kwa kuandika *i* moja. Na toni haiziandiki kabisa.

Dawa yake ni kuichukua modeli na kuifundisha zaidi kwa rekodi zetu ambazo tumekwisha kuziandika kwa mkono. Huko kunahitaji kadi ya grafiki. Ndiyo sababu mwanafunzi anatazama laptopu yake na kuuliza kama kadi yake yaweza kubadilishwa.

Swali la kwanza: inatoka?

Katika kompyuta ya mezani kadi ya grafiki inachomekwa kwenye nafasi yake na kuchomolewa kama kaseti ya zamani. Wengi hudhani laptopu ni vivyo hivyo kwa udogo. Sivyo. Katika laptopu nyingi sana zinazouzwa hapa kwetu hali ni mojawapo ya hizi tatu.

Ya kwanza: hakuna kadi ya peke yake. Grafiki imo ndani ya prosesa kuu na inaazima kumbukumbu ya kompyuta. Ndizo laptopu nyembamba za ofisi zinazotoka Dubai au Guangzhou, zinapita Kampala na Kasindi, kisha zinapangwa mezani Beni na Butembo. Hapo hakuna cha kutoa.

Ya pili: kadi ipo, lakini chipu yake imelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi kuu. Chini ya chipu hiyo kuna mamia ya vitone vya lehemu visivyoonekana. Lehemu isiyo na risasi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 217, kwa hiyo kuitoa chipu kunahitaji kuipasha bodi kwa mashine maalumu inayopanda na kushuka joto kwa kipimo. Hata ikitoka salama, huwezi kupachika chipu kubwa zaidi mahali pake: kumbukumbu iliyo pembeni, njia za umeme na programu ya BIOS vyote viliandaliwa kwa ajili ya chipu ileile.

Rafiki yangu wa Beni alikuwa na laptopu ya aina hiyo ya pili. Fundi mmoja, ambaye sitamtaja, alimwahidi "kuipandisha" kadi yake kwa dola 90. Aliipuliza bodi kwa hewa ya moto, ileile anayotumia kwa simu. Laptopu ilirudi ikiwa imefungwa vizuri na kupanguswa, lakini haikuwaka tena. Ndani ya laptopu hiyo mlikuwa na rekodi zake zote za utafiti, na mzee aliyezisimulia alikuwa amezikwa miezi mitatu nyuma. Hakuwa na nakala nyingine. Bahati yake ni kwamba diski ya laptopu ile ilikuwa kipande cha peke yake, hivyo tuliitoa, tukaiweka kwenye kasha la nje, tukaiunganisha na mashini yangu. Mafaili yalifunguka. Tulisikiliza dakika mbili za mwanzo bila kusema neno, kisha tukaanza kunakili. Lakini kuna laptopu za bei nafuu ambazo diski nayo imelehemiwa kwenye bodi. Ingekuwa ya aina hiyo, sauti ya yule mzee ingekwenda na bodi.

Ya tatu ndiyo adimu: kadi ni kipande cha peke yake kinachoshikiliwa na skurubu na kuchomekwa kwenye nafasi iitwayo MXM. Nvidia na watengenezaji wa laptopu waliuanzisha mpango huo mwaka 2004 ili kadi ya kampuni moja iweze kuingia katika laptopu ya nyingine. Utaikuta nafasi hiyo katika laptopu nzito za wahandisi na wachora ramani, kama HP EliteBook 8570w, au Dell Precision M4800 iliyotoka mwaka 2013. Ni mashini nene, zina chaja kubwa kama tofali, na wauzaji wetu huziuza kwa bei nafuu kwa sababu hakuna anayetaka kuzibeba. Yangu ni M4800. Niliinunua kwa ajili ya kibodi yake nzuri, bila kujua chochote kuhusu MXM.

Kujua yako iko kundi gani si lazima uifungue. Katika Windows fungua orodha ya vifaa utazame jina la kadi. Katika Linux andika `lspci`. Ukiona jina la Intel peke yake, uko kundi la kwanza. Ukiona pia Nvidia au AMD, tafuta kitabu cha matengenezo cha modeli yako, ambacho Dell, HP na Lenovo hukitoa bure. Kama kitabu kina sura ya kuondoa kadi ya grafiki, inatoka. Kama kina sura ya kuondoa bodi kuu tu, haitoki, hata fundi akuahidi nini.

Swali la pili: inatosha?

Yangu ilitoka. Niliondoa betri na kifuniko cha chini, nikalegeza bomba la shaba la kupozea, nikafungua skurubu, kadi ikainuka. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Kisha nikasoma jina lake: Quadro K1100M, viini 384, kumbukumbu gigabaiti 2. Nilikuwa na dola 180 nilizoweka akiba kwa kuandika barua na ripoti za watu, na nilikuwa nimeona kadi ya Quadro M2000M, viini 640, gigabaiti 4, yenye umbo lilelile. Nilitaka kuiagiza siku hiyo. Fundi wa makamo ndiye aliyenizuia. Alinipa kalamu akasema nipige hesabu.

Hesabu ya kwanza ni ya umri. Kila kizazi cha kadi za Nvidia kina namba ya uwezo inayoonyesha matoleo ya CUDA yanayoikubali. K1100M ni ya kizazi cha Kepler, uwezo wake 3.0. Toleo la CUDA 11, lililotoka mwaka 2020, liliiacha nje. Maana yake programu za sasa za kufundisha modeli zikiwekwa kwenye mashini yangu haziioni kadi, kana kwamba haipo. M2000M ni ya kizazi kilichofuata, Maxwell. Hicho nacho kimeachwa na CUDA 13 ya mwaka 2025. Ningenunua kadi ambayo ingenilazimu kubaki na programu za zamani tangu siku ya kwanza.

Hesabu ya pili ni ya kumbukumbu, na hii ndiyo muhimu kuliko zote. Modeli inapofundishwa kwa njia ya kawaida, kila kigezo chake kinashika baiti 4 kwa thamani yake, baiti 4 kwa mwelekeo wa kusahihishwa, na baiti 8 kwa kumbukumbu za yule msahihishaji. Jumla ni baiti 16. Whisper ina saizi kadhaa: ndogo kabisa ina vigezo milioni 39, inayofuata milioni 74, ya tatu milioni 244, kisha milioni 769, na kubwa milioni 1,550. Zidisha milioni 244 kwa 16 unapata baiti milioni 3,904, karibu gigabaiti 3.9. Hapo bado hujaweka sauti yenyewe wala matokeo ya katikati ya hesabu. Kadi ya gigabaiti 4 imekwisha kujaa kabla ya mzee kufungua kinywa. Saizi ya milioni 74 ingeingia, kwani inahitaji gigabaiti 1.2 hivi za mwanzo, lakini modeli ndogo hivyo hujikwaa hata katika Kiswahili. Zipo mbinu za kupunguza mzigo, kama kufundisha sehemu chache tu za modeli na kuacha nyingine zilivyo. Husaidia, lakini huwezi kuanza kazi ya mwaka mzima ukiwa tayari umebanwa ukutani.

Hesabu ya tatu ni ya umeme na joto. K1100M inatumia wati 45, M2000M wati 55. Tofauti ni ndogo na chaja yangu ya wati 180 ingeimudu. Lakini mtu anayetoka kwenye kadi ya wati 45 kwenda ya wati 100 anahitaji chaja nyingine, bomba jingine la kupozea na feni nyingine, na mara nyingi bomba hilo halilingani na mashimo ya skurubu. Butembo iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 na zaidi, baridi yetu ni rafiki wa kompyuta. Vumbi letu jekundu si rafiki. Nilipofungua feni yangu nilikuta blanketi.

Hesabu ya nne ni ya kutambulika. Laptopu huandikwa orodha ya kadi zilizokusudiwa kuingia humo. Kadi ngeni inaweza kuwaka na feni isizunguke inavyopaswa, au kioo kibaki cheusi mpaka ubadilishe mpangilio wa BIOS, au draiva ikatae kujiweka. Watu huzitatua shida hizi, lakini kila moja inakula wiki.

Ipo pia njia ya kadi ya nje: unaweka kadi ya kompyuta ya mezani kwenye sanduku lenye umeme wake na kuliunganisha na laptopu kwa waya wa Thunderbolt 3 unaopitisha gigabiti 40 kwa sekunde. Kitaalamu ni njia nzuri. Kifedha, kwa bei ya sanduku, kadi na laptopu yenye tundu hilo, unapata kompyuta ya mezani kamili na chenji.

Basi jibu la mashini yangu lilikuwa hili: inatoka, lakini haitoshi, na ile ningeiweka mahali pake isingetosha pia.

Nilichofanya na dola 180

Niliirudisha kadi yangu ya zamani mahali pake, nikiwa nimefuta dawa ya joto iliyokauka na kupaka mpya. Nikaongeza kumbukumbu kuu, nikabadilisha diski ya kuzunguka kwa diski ya SSD, na kwa kilichobaki nikanunua diski ya nje. Mabadiliko yalionekana siku hiyohiyo. ELAN iliyokuwa ikisitasita kila ninapofungua rekodi ndefu sasa inafunguka mara moja. Praat, tunayoitumia kupima irabu na toni, haihitaji kadi ya grafiki kabisa. Hesabu zake zinafanywa na prosesa kuu.

Hata Whisper inaweza kufanya kazi bila kadi, maadamu unaitumia tu, huifundishi. Georgi Gerganov ameiandika upya katika programu iitwayo whisper.cpp inayotumia prosesa kuu. Mazungumzo ya Kiswahili ninayorekodi sokoni nayaweka usiku na saizi ya milioni 244, na asubuhi nakuta rasimu. Rasimu hiyo huandika Kiswahili chetu kama cha Dar es Salaam: hugeuza na kusawazisha, na mahali mtu aliposema "tosha" akimaanisha toa, inabidi msomaji ajue. Lakini kusahihisha ni haraka kuliko kuanza na ukurasa mtupu. Kwa Kinande naandika bado kwa mkono.

Je, na kompyuta za mbali?

Msomaji atauliza: kwa nini usitumie kadi za watu wengine kupitia intaneti? Google Colab humpa mtu muda wa bure kwenye kadi kama T4, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16, ingawa haiahidi kuipata kila siku. Nimeitumia kujifunza, kwa sauti zilizokwisha kutolewa hadharani, na naipendekeza kwa kazi hiyo.

Lakini rekodi zetu si sauti za hadharani. Wazee wa Beni wanaposimulia jinsi walivyohama vijiji vyao, wanataja majina ya watu, njia walizopita, nani aliwaficha na nani aliwasaliti. Tangu mwaka 2014 eneo hilo limezika watu wengi mno kwa mauaji ya vijijini. Nilipomwomba mjomba wa mama ruhusa ya kurekodi, alikubali kwa sharti kwamba maneno yake yakae "katika mashini yako". Nikiyapandisha kwenye kompyuta ya kampuni iliyo ng'ambo, hata kwa saa mbili, nimevunja sharti hilo. Sipingi wanaotumia wingu. Nasema tu kwamba ruhusa tuliyopewa ina mipaka, na mipaka hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kutaka kadi yenye nguvu hapa nyumbani. Kama si hivyo, makala yangu ingekuwa na mstari mmoja: tumia Colab.

Pendekezo

Natoa pendekezo kwa walimu wa kitivo na kwa kamati ya wanafunzi. Tusihangaike kila mmoja na laptopu yake. Tununue kompyuta moja ya mezani, ikae katika chumba kinachofungwa, iwe ya wote wenye rekodi. Kadi kama RTX 3060 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 12, iliyotoka mwaka 2021, ingeweza kufundisha Whisper ya vigezo milioni 244 na kubaki na nafasi. Kesho ikipitwa na wakati, inachomolewa na kuwekwa nyingine kwa dakika kumi, kwa bisibisi moja. Huko ndiko kadi inakotoka na kutosha.

Umeme nimeupigia hesabu. Kadi hiyo hula wati 170 ikifanya kazi kwa nguvu zote. Pamoja na sehemu nyingine tuchukue wati 300. Usiku mmoja wa saa nane ni wati-saa 2,400. Betri moja ya sola ya volti 12 na ampea-saa 200 ina kiasi hichohicho kwenye karatasi, lakini betri ya risasi haifai kutumiwa kupita nusu, na kibadilisha umeme nacho kinakula chake. Kwa hiyo tuhesabu betri mbili na ziada kidogo, au tufundishe mchana wakati jua lipo. Si gharama ya mwanafunzi mmoja, lakini inaingia katika bajeti ya idara.

Kitu ambacho hakinunuliwi ni data. Modeli haiwezi kujifunza kutofautisha *erilima* mbili kama sisi wenyewe tumeziandika kwa namna moja. Tuna kamusi ya kuanzia: Mutaka na Kavutirwaki walichapisha kamusi ya Kinande na Kiingereza mwaka 2011, na kabla yake Kavutirwaki alitoa msamiati wa Kinande na Kifaransa mwaka 1978. Tukubaliane kwanza tahajia moja inayoonyesha irabu saba, kila mwenye rekodi aandike saa mbili kwa tahajia hiyo, kisha tuziunganishe. Kazi hii haihitaji kadi yoyote. Inaweza kuanza wiki hii kwa laptopu yoyote iliyopo, na bila hiyo kompyuta ya kitivo itakuwa feni inayozunguka bure.

Kwa atakayeamua bado kufungua mashini yake, namwachia agizo la yule fundi wa makamo. Kabla hajagusa skurubu ya kadi yangu alinitazama akasema: "Tosha diski mbele." Nilidhani ni utaratibu wake wa kazi tu. Nilipomwona rafiki yangu wa Beni akisikiliza zile dakika mbili ndipo nilipoelewa. Toa diski kwanza, inakili mahali pawili, nakala moja ikae nje ya nyumba yako. Ukiwa huna diski ya pili, njoo na yako chumba cha wanafunzi Jumatano mchana. Yangu ina nafasi.